Kitako cha Bastola ya Malimi

Malimi alimkosa simba akalipiga dume lake mwenyewe la kulimia. Habari hiyo ilitoka Narung'ombe ikafika Marambo kabla ya Malimi, na ilipofika ilikuwa imeshanenepa njiani: wengine walisema kaua madume mawili, wengine walisema simba alikaa pembeni akimwangalia kama mtu anayesubiri chenji. Kwa hiyo siku Malimi aliposimamisha pikipiki mbele ya banda la Mzee Kaimu, seremala, watu waliokuwa wakisubiri viti vyao walikuwa wameshabanwa na vicheko kabla hajavua kofia.

"Karibu, bwana mwindaji," alisema mmoja wao. "Nyama ya dume ilikuwaje?"

"Tamu sana. Ninyi mngeijulia wapi, huku mnashindia ming'oko, mizizi ya porini?"

Wakacheka wote, naye akacheka. Mtu aliyehama na ng'ombe zake kutoka kando ya Ziwa mpaka huku kusini hujifunza kucheka mapema, kabla wenyeji hawajamaliza kusema.

Kaimu peke yake hakucheka. Aliendelea kupiga randa, maranda yakimwangukia miguuni. Malimi alielewa, akakaa kwenye gogo, akangoja mpaka wa mwisho akajitwika kiti chake akaenda zake. Ndipo akatoa simu, akaifuta kioo kwa shati, akaisogeza mbele ya macho ya mzee.

"Angalia hii, baba. Bastola ni kama yangu, saizi ileile. Wanaichomeka humu kwenye chesesi, kama vile injini ya Fuso. Nyuma kuna kitako. Unaegemeza begani, mkono hautikisiki. Umemwona huyo? Hatua hamsini, anapiga chupa."

Kaimu alitazama mara mbili. Kwenye ukoo wao ndiko walikokuwa wakichonga vitako vya magobore, yale yenye vibali, ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Babu yake alichonga, baba yake alichonga, na yeye amechonga mpaka magobore yakaisha mikononi mwa watu, akabaki na vitanda na milango.

"Hiyo ni ya chuma na plastiki," alisema. "Mimi fundi wa mbao."

"Ya mbao ndiyo naitaka. Ya plastiki nitaipata wapi mimi, Dar?"

"Bastola yako ina leseni?"

"Ina leseni, ina namba, ina kila kitu. Naendea nayo mnadani, naweza kutembea bila hiyo na ng'ombe za watu?" Malimi akarudisha simu mfukoni, akashusha sauti. "Mzee, nasikia tembo wamerudi kwenu. Tufanye hivi. Wewe nichongee kitako, mimi nakuja kulala dunguni kwako na bastola yangu mpaka mvune mahindi. Sitaki chakula chako, sitaki shukrani. Nitalinda."

Randa ikasimama.

Mwaka jana, mwezi kama huu, Hajira, mke wa Kaimu kwa miaka thelathini na mmoja, alishuka dunguni, jukwaa la miti la kulindia mahindi, kuokota tochi iliyomponyoka. Tembo alikuwa amesimama chini ya dungu, kimya kama ghala. Wakubwa wa wanyamapori walikuja siku ya nne. Walipima unyayo kwa futi ya chuma, wakapiga picha, wakamwambia Kaimu atie dole gumba chini ya maneno asiyoyajua, wakawasha gari. Tangu hapo, Kaimu akisikia mtu anatamka neno serikali, hutema mate pembeni, hata kama anayetamka ni mtangazaji wa redio.

"Nipe siku tatu," alimwambia Malimi.

"Siku tatu za kuchonga?"

"Za kufikiri."


Rukaiya, binti yake Kaimu, alirudi kutoka shambani na umande wa kifuani bado haujakauka. Alikuwa ameachwa na mume, ana watoto wawili, na tangu mama yake afe ndiye aliyekuwa akipanda dunguni. Baba yake alijaribu kumkataza mara moja tu. Rukaiya alimuuliza, basi apande nani, wewe usiyeona mbali kuanzia magharibi?

"Wamekula kwa jirani, kwa Fauzia," alisema Rukaiya akiweka sufuria chini. "Lote. Wamebakiza ule mstari wa mihogo karibu na nyumba, kama watu wenye adabu. Fauzia amekaa chini ya chanja, hata halii."

"Kesho nitakwenda tena ofisini."

"Kufanya nini? Umekwenda mara tatu. Wameandika mara tatu." Akajimiminia maji, akanywa yote. "Yule Msukuma alikuja kutaka nini? Nimekutana naye njiani, kanisalimia mpaka kashuka kwenye pikipiki."

Kaimu alimweleza. Hakuficha kitu, maana hakuwa na kipaji hicho.

"Basi mchongee," alisema Rukaiya.

"Sijajua bado kama ni kitu cha kuchongwa."

"Baba. Mimi nalala juu ya miti minne na sufuria. Sufuria na mwiko! Tembo wakija nagonga ngo ngo ngo kama mama lishe anayeita wateja. Zamani walikuwa wanakimbia. Sasa wanasimama, wananisikiliza, halafu wanaendelea kula. Juzi mmoja ameniangalia huku anatafuna." Akacheka. "Halafu wewe unakaa hapa unasema hujajua."

"Mama yako alikufa kwa sababu hakuna aliyekuja. Sitaki na wewe ufe kwa sababu amekuja mtu."

"Maneno mazuri hayo. Yapeleke shambani, ukawasomee."

Kaimu alikwenda nyuma ya banda, akapekua mbao, akatoa pande la mkorosho lililokauka, jepesi, lisilo na fundo. Akalipiga kwa kidole, akalisikiliza. Hakuwa ameamua. Lakini mikono yake ilikuwa haijui kufikiri bila kushika kitu.


Gabrieli alikuwa askari kwa miaka ishirini na miwili, na sasa alikuwa akishona viatu mjini Nachingwea, pembeni ya soko. Watu walimletea viatu na ugomvi pia, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema kitu kilivyo. Kaimu alikaa kwenye benchi lake, akaeleza habari yote bila kutaja jina la mtu.

"Sikudanganyi, fundi," alisema Gabrieli, sindano ya kushonea ikiwa mdomoni. "Atapiga vizuri. Bastola ni fupi, mkono uko hewani, na mtu mwenye hofu mkono wake ni jani. Ukimpa kitako, umempa ukuta wa kuegemea. Mtu aliyekuwa akikosa mlango atapiga dirisha. Hilo ni kweli na mtu asikubishie."

"Basi ni kitu kizuri."

"Sijasema hivyo." Akamgeukia mteja aliyefika. "Shikamoo mama, hicho njoo saa nane, soli haijakauka." Akatoa sindano mdomoni. "Sikiliza. Bastola imetengenezwa kwa mtu aliyebanwa. Mtu yuko mlangoni kwako, unaichomoa, kwisha. Uzuri wake ni ule ufupi. Ukiiwekea kitako huwezi tena kuifunga kiunoni, utaibeba kwapani kama mwavuli. Ukihitaji haraka, haraka imekwenda. Kwa hiyo umeipunguzia kile ilichozaliwa nacho, umeiongezea kile ambacho bunduki inacho zaidi."

"Na risasi?"

"Risasi ileile! Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wanadhani kitu kikirefuka nyuma kimepata nguvu mbele. Risasi haijui kama kuna bega. Inatoka ndogo, inafika ndogo."

Kaimu aligeuza kiatu cha mtu mikononi, akakitazama kama anataka kukinunua.

"Na sheria?"

Gabrieli akacheka kwa pua. "Leseni yake imeandikwa bastola. Siku askari akiikuta imeota mkia, ataanza kuuliza jina lake jipya. Hapo mwenye leseni atajieleza. Na fundi atajieleza zaidi."

"Kwa nini fundi zaidi?"

"Kwa sababu mwenye leseni ana ng'ombe."

Walicheka wawili, vicheko vya wazee, vifupi, vinavyoishia kwenye kikohozi. Halafu Gabrieli akauliza wakubwa wanasemaje kuhusu tembo, na Kaimu akajibu kwamba wanaandika. Gabrieli akarudisha sindano mdomoni.


Kwao Kaimu kitako hakichongwi kwa futi. Mwenyewe husimama, hufumba macho, huinua mikono kama anavyolenga, na fundi hupima mwili wake kwa kamba: kutoka kunjo la kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, na kutoka shavu mpaka bega. Kitako cha mtu ni kama kiatu chake. Babu yake alikuwa akisema kwamba ukimpima mtu aliyefumba macho, mwili hukwambia anachokwenda kufanya, na ulimi ukisema vingine, usikilize mwili.

Siku ya tatu akapanda bodaboda mpaka Narung'ombe, na kile kipande cha mkorosho ndani ya gunia. Alikuwa amekichonga kikafanana na kitu, lakini hakukimalizia wala hakukitia msasa. Kilikuwa cha kujaribia tu. Malimi alimpokea kama mkwe, akamtolea kiti cha kamba, na mkewe Penina akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

"Kunywa, mzee," alisema Penina. "Na umchongee kweli. Angekuwa nacho siku ile, dume langu lingekuwa linalima sasa hivi."

"Lako au langu?" Malimi akauliza.

"Ulipolipiga lilikuwa lako. Lilipokuwa linalima lilikuwa langu."

Kaimu akampima. Malimi alifumba macho, akainua mikono, akatulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kamba ikapita kiwiko, ikapita bega. Kisha wakaenda nyuma ya zizi, mahali penye kichuguu kikubwa, pasipopita watu wala ng'ombe, na Penina akawafungia watoto ndani. Malimi alikuwa tayari kupoteza risasi nne, si zaidi, kwa kuwa kila moja ina maelezo yake kituoni. Aliweka kibuyu kilichopasuka mbele ya kichuguu, akahesabu hatua arobaini, akachora mstari wa kusimamia.

Mara ya kwanza alipiga kwa mikono mitupu, bila kitako. Kibuyu hakikutikisika. Mara ya pili vumbi liliruka mbali, upande wa kushoto, na ng'ombe zizini wakarushana pembe.

"Unaona?" alisema Malimi, jasho limemtoka. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa simba."

Kaimu akamwekea kile kipande, akakikaza kiasi cha kujaribia tu. Malimi akaegemeza begani, akalaza shavu. Kaimu alisimama pembeni yake, hakuangalia kibuyu. Alikuwa akiangalia miguu.

Mlio ukaja, na kibuyu kikawa vipande.

Penina akapiga kigelegele kutoka ndani. Malimi akaruka, akamkumbatia mzee, akamwinua kutoka chini. "Baba! Umeona? Baba, umeona hiyo? Kanichongee hata leo! Kesho niko dunguni kwako, tembo wako watakimbilia Msumbiji!"

Na Kaimu, haifai kuficha, moyo wake uliruka pia. Alimwona Rukaiya amelala ndani ya nyumba kama watu, na watoto wake pembeni. Aliona mahindi ghalani. Kitu hiki kilikuwa mikononi mwake, mbao na patasi, hakihitaji barua ya mtu wala dole gumba. Kwa mara ya kwanza tangu azike, hakuhitaji kumwomba mkubwa yeyote.

"Imebaki moja," alisema taratibu. "Piga gogo lile."

Lilikuwa gogo la mninga lililolazwa kwa ajili ya kutengenezea mzinga. Malimi akalipiga katikati, safi kabisa. Kaimu akapiga magoti, akaingiza kijiti kwenye tundu, akakitoa, akakipima kwa kidole chake cha shahada. Kijiti kilikuwa kimeingia kina cha kidole, si zaidi.

"Kichwa cha tembo ni mfupa kutoka hapa mpaka hapa," alisema akionesha kwa viganja. "Hii itaishia mlangoni. Itamuuma. Haitamuua."

"Siendi kumuua. Naenda kumfukuza."

"Tembo aliyeumizwa huwa hafukuziki. Anarudi kumtafuta aliyemuumiza, na akimkosa atamchukua yeyote." Kaimu akainuka, akakung'uta magoti. "Ulipopiga mara mbili za kwanza, mguu wako mmoja ulikuwa umeelekea nyumbani. Ulikuwa umeshajiandaa kukimbia. Hizi mbili za kitako, umesogea."

"Nimesogea wapi? Sijatoka hapa."

"Angalia vumbi."

Malimi akaangalia. Alama zake zilikuwa zimetoka kwenye mstari aliouchora, hatua tatu mbele, na hakukumbuka hata moja.

"Kwa fisi, sawa," alisema Kaimu. "Kwa simba, labda. Mimi sikwambii ni kitu kibaya, kimekupa mkono na nimeuona. Lakini hukuniahidi fisi, umeniahidi tembo. Nikikuchongea hiki, utashuka dunguni."

"Nani kakwambia nitashuka?"

"Miguu yako."

Malimi akakasirika sasa, kweli kweli, shingo ikamvimba. "Kwa hiyo jana nilikuwa mwoga, watu wote wananicheka, na leo nimekuwa jasiri mno? Chagua moja, mzee!"

"Jasiri wangu alishuka kuokota tochi," alisema Kaimu. "Nilimkusanya kwa shuka mbili. Sitachonga kitu cha kumshusha mtu dunguni, awe wangu, awe wako."

Penina alikuwa ametoka, amesimama kando yao, kigelegele kimemwishia mdomoni. Alimwangalia mumewe, akaangalia zile alama kwenye vumbi. Kisha akachukua bastola mkononi mwa Malimi kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya mkia, akaipeleka ndani.

"Na mahindi yako je?" Malimi aliuliza, hasira imeanza kupoa, imebaki huzuni. "Utayalinda na nini?"

Kaimu akafungua kile kipande cha mkorosho, akakirudisha ndani ya gunia.

"Ndiyo nakwenda kuuliza," alisema.


Kwenye ofisi ya wanyamapori mjini, Kaimu alikalishwa kwenye benchi la nje tangu saa mbili mpaka saa nane. Kijana wa mapokezi alimpa fomu. Kaimu aliishika, akaigeuza, akairudisha.

"Mzee, jaza."

"Nijazie, mwanangu. Shule yangu iliishia darasa la pili."

"Hujaandika kata, hujaandika namba ya simu. Halafu malalamiko ya tembo ni Jumanne na Alhamisi. Leo Jumatano."

"Tembo wao wanakuja kila siku."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, kijana akaona amedhalilishwa. "Wewe mzee, hapa si kilabuni. Ukitaka kuhudumiwa fuata utaratibu. Ukizidi nitakuita mlinzi akutoe."

Ndani, kupitia mlango ulio wazi, Kaimu aliwaona wanne wamezunguka meza, sambusa katikati, kila mmoja na simu yake. Mmoja alikuwa ndiye yule aliyepima unyayo kwa futi ya chuma. Hakumkumbuka Kaimu hata kidogo. Alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta, akarudi kwenye simu.

Hapo ndipo Kaimu alipoamua, na alipoamua alitulia, kama msumari uliofika mwisho wa njia yake. Alipita mapokezi bila kuuliza, akaingia ndani, akafungua gunia, akaweka kile kipande juu ya meza, kati ya sambusa na makaratasi.

"Nini hii, mzee?"

"Kitako."

"Cha nini?"

"Cha bastola."

Neno tembo alilitamka katika ofisi ile mara tatu mwaka huo, na hakuna kiti kilichosogea. Neno bastola alilitamka mara moja, vikasogea viti vinne.

"Nani kakichonga?"

"Mimi. Naitwa Kaimu, seremala, Marambo."

"Bastola iko wapi? Ya nani?"

"Ya aliyeniagiza."

"Ilikuwa ikatumike wapi?"

"Shambani kwangu, dunguni. Mkitaka twendeni niwaoneshe, ila twende sasa hivi."

Ndani ya nusu saa lilikuja gari. Mbele alikaa sajini wa polisi na dereva, nyuma polisi mmoja na askari wawili wa wanyamapori wenye bunduki kubwa, mmoja wao mwanamke kijana aliyeitwa Rozalia. Kaimu aliwekwa katikati yao. Hakuna aliyeuliza habari ya mafuta, wala barua, wala siku ya Jumanne. Alihesabu: kilomita zote zile za kwenda Marambo, ambazo mwaka jana ziliwachukua siku nne, leo ziliwachukua saa mbili na ushee, na hapo walisimama kununua maji.


Walifika jua limeegemea miti ya bondeni. Rukaiya alikuwa ameshapanda dunguni, akaona gari, akamwona baba yake katikati ya bunduki, akateremka mbio.

"Baba! Wamekufanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Nimewaalika."

Walipekua dungu. Walikuta sufuria, mwiko, blanketi, tochi na nusu ya muhogo wa kuchoma. Walipekua chini, wakapekua mahindi mstari kwa mstari. Sajini alirudi suruali imejaa mbegu za majani, uso umemwiva.

"Mzee, hakuna silaha hapa. Umetuleta huku kutuchezea?"

"Afande," alisema Rozalia. "Nyamaza kidogo."

Tembo walitoka bondeni bila sauti, watano, mdogo mmoja katikati yao, wakaja moja kwa moja kama watu wanaorudi kwao. Sajini alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mti wa dungu. Rukaiya akanyoosha mkono kwenye sufuria kwa mazoea. Kaimu akamshika mkono.

"Leo si zamu yako."

Rozalia na mwenzake walisogea pembeni, wakaangalia upepo, wakapiga juu. Mlio wa bunduki zile haukuwa na undugu na ule wa bastola ya Malimi. Ulitoka ardhini, ukapita tumboni. Yule wa mbele akasimama, akatandaza masikio. Wakapiga tena, mara mbili. Akageuka, na wengine wakageuka, wakarudi bondeni wakivunja miti, na ardhi ikaendelea kutikisika muda mrefu baada ya kutoonekana.

Mahindi yalikuwa yamesimama yote.

Sajini akajikohoza, akatafuta tena sauti yake ya kazi. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Silaha iko wapi?"

Kaimu akanyoosha kidole kwenye bunduki ya Rozalia. "Niliyokuwa naitafuta mimi ni hiyo. Nimeiomba mara tatu mwaka huu. Kile kitako ndicho kilichojua njia ya kuileta."

Yule askari mwingine wa wanyamapori akainama kuficha meno. Sajini hakuficha kitu. Alimfunga Kaimu pingu palepale, mbele ya binti yake, akazikaza kuliko ilivyohitajika. "Tutaona kama mahakamani utakuwa na mdomo huo."

"Afande," alisema Rozalia, "wale hawajaenda mbali. Na kama kuna bastola inakuja hapa, mwenye nayo anaweza kufika wakati wowote."

Sajini akafikiri. Lilikuwa wazo zuri, kwa hiyo alilifanya lake. "Ninyi wawili mtabaki. Hapa ni eneo la tukio mpaka hiyo bastola ijulikane. Mtu yeyote asiguse chochote."

"Hata mahindi?" aliuliza Rukaiya.

"Mahindi ni yako, vuna. Nazungumzia ushahidi."

Kaimu alikuwa ameshaingizwa garini. Akatoa kichwa dirishani. "Yanataka siku ngapi?"

Rukaiya alimtazama baba yake, pingu zile, halafu shamba. "Nane," alisema. "Fauzia akinisaidia, saba."

"Mwite Fauzia. Mgawane."


Asubuhi alitolewa mahabusu, akakalishwa mbele ya konstebo mdogo mwenye kalamu mpya na karatasi nyingi. Kiuno kilimuuma kwa saruji ya usiku. Kile kipande cha mkorosho kilikuwa mezani, kimefungwa kikaratasi chenye namba, kama maiti.

"Jina la aliyekuagiza?"

"Tutafika huko, mwanangu. Nikikosea mwanzo, na mwisho utakosea."

"Mzee, ni jina tu."

"Kwanza niulize mimi. Wale askari walioachwa shambani kwangu, wataondoka lini?"

Konstebo akakuna shavu. "Maelezo yako yakikamilika. Yakiwa bado, eneo linalindwa. Ndivyo alivyosema afande."

Kaimu akavuta kiti mbele. Akaegemeza viwiko mezani, akajiweka sawa kama mtu aliyefika kazini mapema.

"Basi andika kila kitu, usiruke. Ninyi mnapenda kuandika, na mimi sijawahi kupata mtu wa kuniandikia mpaka mwisho. Andika hiki kitako ni cha mkorosho. Mkorosho wenyewe ulipandwa na babu yangu, na babu yangu alikuwa na wake watatu."

"Babu yako anahusikaje, mzee?"

"Anahusika sana. Leta karatasi nyingine, mwanangu. Leo tutamaliza mke wa kwanza."